Pua Ishirini na Nne za Barre

Jumatano, 1 Julai 1981

Daftari jipya. Baridi kali hapa Jericho, Nairobi, maji ya bomba yanauma meno. Lakini mimi Kisilu nina joto moyoni. Leo nimekuwa ajenti.

Ilikuwa hivi. Barre, mfanyabiashara wa Eastleigh, aliagiza alamu dazeni mbili kutoka Japani. Alitaka saa za kuamshia watu. Zikaja alamu kweli, lakini si saa. Ni vijisanduku vyeupe, ukubwa wa nusu mkate, vina tundu la wavu kwa mbele kama pua. Ndani mna kitu kinachonusa hewa. Kikikuta gesi, kinapiga kelele. Barre alikuwa ameshavisukuma nyuma ya magunia ya mchele. Nikasoma kijitabu chake. Kiingereza mistari minne, Kijapani kurasa thelathini. Vilitengenezwa kwa ajili ya mashua, vinatumia betri ya gari. Nikamwambia Barre kwamba amekalia mali. Akasema nichukue zote ishirini na nne, nikizipatia soko niwe ajenti wake wa Kenya nzima. Aliposema Kenya nzima alicheka mpaka akashika kaunta. Nadhani ni furaha.

Kazi hii imekuja wakati wake. Mzee Ndambuki, baba yake mchumba wangu Kavata, amesema mbuzi wangu wa ntheo atawapokea Jumapili tarehe 26, au hatawapokea kabisa. Ntheo ni mbuzi watatu. Bila hao, kwetu Ukambani, hata mkizaa watoto saba mke bado ni wa baba yake. Na ameweka sharti: hampi binti yake mtu ambaye kazi yake haitajiki kwa neno moja. Yeye ni mchongaji. Patrobas wa nyumba ya pili ni dereva. Mimi, tangu niache ukarani, nikiulizwa kazi yangu huhitaji dakika kumi na kikombe cha chai. Sasa nina neno moja.

Ijumaa, 3 Julai

Betri. Ajenti wa Kenya nzima hana betri.

Patrobas anayo moja, ya gari lake bovu analofugia kuku. Nilimtajia tu. Akaileta mwenyewe, begani, akaifuta vumbi. Mtu akikupa kitu kabla hujamaliza kuomba, jiulize anataka nini. Mimi najua anachotaka. Anaimba besi katika kwaya ileile anayoimba Kavata, na besi husimama nyuma ya soprano.

Nikaunganisha nyaya. Pua ikalia papo hapo. Nikatoka mbio nikiwapigia majirani kelele wahame. Watu wakatoka na blanketi, mmoja na sufuria. Mama Nthoki, mwenye nyumba ninamopanga chumba, akatoka na unga mikononi. Tukasimama kwenye baridi tukingoja nyumba ilipuke. Haikulipuka. Baadaye nikasoma ule mstari wa nne wa Kiingereza. Mashine ikiwashwa hulia kwanza dakika mbili, ikipasha moto pua. Kumbe ndiyo salamu yake.

Ikanyamaza. Mama Nthoki akawasha stovu ya mafuta taa. Ikalia. Nikaipeleka nyumba ya pili. Ikalia. Ya tatu walikuwa wakipaka mlango rangi. Ikalia hata kabla sijabisha. Hapa hakuna anayepikia gesi, lakini kila nyumba ina stovu, na kila stovu inavuja harufu. Kumuuzia mtu wa Jericho mashine ya kumwambia kwamba nyumba yake inanuka mafuta taa ni kumuuzia samaki habari za maji.

Mama Nthoki amesema pua anayo tangu azaliwe na haijawahi kuhitaji betri. Mwanamke mwema, lakini hana jicho la biashara.

Jumatatu, 6 Julai

Nimebandika tangazo pale soko la Jericho. Herufi kubwa, kalamu nyekundu: MASHINE YA KIJAPANI. INAGUNDUA GESI MARA MOJA. MWONE KISILU.

Saa nne asubuhi nilikuwa na watu kumi na mmoja mlangoni. Kumi na mmoja! Nikavaa koti. Nikauliza wa kwanza ana gesi ya aina gani nyumbani. Mzee wa makamo huyo, amejishika kitovu. Akasema si nyumbani, ni hapa, hasa akila maharagwe.

Nikawatazama wote. Kila mmoja alikuwa amejishika tumbo.

Mtu mwaminifu angewaeleza. Nilikuwa karibu kuwaeleza. Lakini yule mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti na kufungua vifungo vya shati, na pua ilikuwa imeshapata moto. Nikaisogeza kwenye tumbo lake. Ikalia, kelele ya kutoboa masikio. Mzee akafumba macho akamshukuru Mungu, akasema miaka sita amekuwa akiambiwa hana kitu. Wa pili ikalia. Wa tatu ikalia. Mama mmoja haikumlilia, akakasirika, akataka arudiwe.

Walileta mayai, sukuma wiki, na kuku mmoja aliyekonda. Sikuwaomba. Jioni nikajitazama kwenye kioo na kujiuliza kama neno langu moja si ajenti. Huenda ni daktari.

Jumanne, 7 Julai

Si daktari.

Kavata amekuja saa ya chakula cha mchana. Ni karani wa kadi katika zahanati moja huku kwetu, na leo wagonjwa wanne walimwambia wamekwisha kupimwa na Mjapani. Aliuliza Mjapani yuko wapi. Nikamwonyesha sanduku.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alichukua pua akaigeuzageuza, akauliza wale watu walikuwa wamefanya nini kabla ya kuja. Nikasema hawakufanya kitu. Akauliza walikuwa wakinukaje. Nikakumbuka. Dawa ya kuchua. Mtu mwenye gesi hujipaka dawa ya kuchua tumboni asubuhi na jioni. Yule mama ambaye haikumlilia bila shaka hakujipaka.

Kavata akaniketisha kama mtoto wa shule. Akasema mashine hii hainusi gesi tu. Inanusa kila kitu cha majimaji au mafuta ambacho hupanda hewani chenyewe. Petroli, thina ya rangi, pombe, manukato, dawa ya kuchua, kiwi ya viatu. Akaniambia niiandike hiyo orodha ili nisisahau. Nimeiandika hapa. Petroli, thina, pombe, manukato, dawa ya kuchua, kiwi.

Akaniagiza nirudishe kuku. Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa. Amesema hana haja na ajenti wala daktari, anataka tu tarehe 26 baba yake asipate sababu ya kucheka. Akashika mkono wangu kidogo. Siku nzima ule mkono umekuwa na joto peke yake.

Kuku nimemrudisha. Mayai nilikuwa nimeshakula.

Jumapili, 12 Julai

Nimefikiri sana juu ya petroli.

Patrobas ni dereva wa lori la mikate. Dereva yeyote hunuka petroli, na anayenuka petroli Jumapili ana la kueleza. Labda anafyonza ya tajiri wake. Sisemi. Naachia mashine iseme. Nikaiweka pua ndani ya kiondo, betri chini yake, kitambaa juu. Nikawasha nje ya kanisa, nikangoja dakika zake mbili nyuma ya choo, ikanyamaza. Nikaingia nikakaa benchi la karibu na kwaya. Mpango ulikuwa rahisi. Kwaya inapita, Patrobas anapita, kiondo kinasema kweli mbele ya washirika wote na mbele ya soprano.

Kabla ya wimbo wa kwanza kiondo kikalia.

Patrobas hakuwa ameingia. Watu wakageuka. Nikajisogeza, kikaendelea. Nikakisukuma mbali kwa mguu, kikanyamaza. Nikakivuta, kikalia. Mzee wa kanisa akaja akaninong'oneza kama nina mtoto ndani ya kiondo. Ndipo nikakumbuka neno la nne kwenye orodha ya Kavata. Kwa kuwa ningekaa karibu na kwaya, nilikuwa nimejimwagia manukato ya kunyolea ndevu, nusu chupa, shingoni na kifuani.

Aliyeninyanyulia kiondo na kunisindikiza nje ni Patrobas. Alinukia sabuni. Akaniuliza kwa upole kama betri inafanya kazi vizuri, na akanionya nisiilaze kwa sababu maji yake ni asidi. Namchukia mtu huyu.

Nilikuwa nimeshailaza. Suruali yangu nyeusi, ya suti, ya pekee, ina matundu matano kwenye paja la kushoto, na bitana nyeupe inachungulia.

Alhamisi, 16 Julai

Siku kubwa! Nimepata soko.

Nilikwenda Gikomba kumsalimia Mzee Ndambuki kwenye kibanda chao cha wachongaji. Ni wanaume saba, wote wa kwetu, wamekaa kwenye vumbi la mbao na tezo zao, na pembeni twiga wamepangwa mstari, weusi, wanang'aa. Mzee hakuinua macho. Akauliza kazi yangu imefikia neno ngapi. Nikasema moja. Akasema vizuri, na akakumbusha mbuzi. Wawili wawe majike, na beberu awe mweusi tititi, asiye na doa. Kwa nini mweusi, hakusema. Nadhani alilifikiria hapohapo, kwa kunitazama.

Nikaomba kuwaonyesha mashine yangu. Nikaiwasha, ikatoa salamu, ikanyamaza. Nikaipitisha juu ya magogo mabichi. Kimya. Juu ya twiga wa mbao nyeupe, hawajamalizwa. Kimya. Nikaifikisha kwa twiga weusi. Ikalia kama imeona nyoka.

Nikarudia. Mweupe, kimya. Mweusi, kelele. Mara tano. Nikauliza wale weusi ni mti gani. Tezo zote zikasimama. Mzee Ndambuki akasema polepole kwamba ni mpingo.

Mpingo! Pua inanusa mpingo! Wajapani hawajui walichotengeneza. Wazungu wanavuka bahari kutafuta mpingo, na hakuna anayeweza kuwaambia upi ni halisi. Mimi naweza. Nikamwambia Mzee kwamba nimepata wateja wangu, wenye maduka ya vinyago mjini, na kazi yake ndiyo iliyonifumbua macho. Akaniuliza kama naumwa. Kisha akasema afadhali niendelee na matumbo ya watu.

Wazee hawapendi sayansi.

Ijumaa, 17 Julai

Bedan ana duka la vinyago mjini, ndiye anayewanunulia wazee wa Gikomba karibu kila kitu. Kwenye kila kinyago cheusi amebandika kijikadi cha mpingo halisi. Nikamweleza. Nikaunganisha. Nikapitisha pua kwenye rafu. Ikalia kwa tembo, ikalia kwa twiga, ikalia kwa mzee anayevuta kiko.

Bedan alikuwa mtulivu mno. Akafunga mlango. Akaleta bakora ya babu yake, nyeusi, nzito kama chuma, akasema na hii. Nikasogeza pua. Kimya. Nikaisugua pua kabisa. Kimya.

Niliona aibu kidogo. Nikamwambia kwamba labda babu alidanganywa. Au ni mpingo mzee, umeishiwa harufu.

Bedan akasema labda. Akaiweka bakora chini taratibu. Tabasamu lake lilianza upande mmoja wa uso likavuka mpaka wa pili. Akasema anataka mashine kumi, nizilete kesho. Kumi! Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema hajaletewa kitu cha faida namna hii tangu afungue duka. Nilirudi Jericho kwa miguu, sikusikia umbali. Nikampitia Barre kumweleza. Hakucheka safari hii. Alikaa chini.

Jumanne, 21 Julai

Mjomba ameleta mbuzi kutoka Kangundo. Majike wawili wazuri. Beberu mkubwa, mweusi, ana heshima ya chifu. Na katikati ya paji la uso ana nyota nyeupe, kubwa kama shilingi.

Nikamwambia mjomba nilisema asiye na doa. Mjomba akasema hilo si doa, ni pambo. Nikasema Mzee Ndambuki hatakubali pambo. Mjomba akasema basi Mzee Ndambuki ajizalie mbuzi wake. Akaenda kupanda basi.

Mbuzi wamefungwa nyuma ya nyumba ya Mama Nthoki. Beberu amekula kijitabu cha mashine, Kijapani chote na ile mistari minne. Sihuzuniki. Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu kilichomo.

Jumamosi, 25 Julai

Habari kutoka Gikomba. Bedan amerudisha twiga wote arubaini, na tembo, na wazee wa kiko. Aliwaambia kwamba kuanzia sasa atalipa bei ya mbao za kuni. Sijui wamekosana kwa nini. Labda ni mambo ya ukoo. Kwangu ni habari njema, vinyago vikiadimika mpingo utapanda, na pua zitapanda nao. Nitamfariji Mzee kesho kwa habari hiyo.

Maandalizi. Nimeazima kiwi nyeusi ya Patrobas, ya viatu vyake vya kazini. Kidogo kwenye nyota ya beberu, nikasugua kwa kitambaa. Nyota imezama. Hata mama yake hangemjua. Kisha nikakumbuka suruali. Nikapaka kiwi kwenye bitana inayochungulia, tundu moja moja, yote matano. Kwa mbali ni suruali mpya.

Ni ajabu kitu kidogo kama kopo la kiwi kinavyoweza kuokoa heshima ya mtu. Najiuliza kwa nini watu hawakitumii zaidi.

Jumapili, 26 Julai

Tulifika mtaa wa Bahati, nyumbani kwa Mzee Ndambuki, saa nane mchana. Mimi, mjomba aliyerudi kwa basi la asubuhi, na Patrobas, aliyejitolea kuleta mbuzi kwa lori la mikate baada ya kumwomba tajiri wake ruhusa. Uwani wazee sita wa kibandani, wamekaa mstari, hakuna aliyecheka. Kavata alikuwa mlangoni na mama yake, amevaa gauni la buluu. Mbuzi wakafungwa kwenye mti. Mzee Ndambuki akamzunguka beberu mara mbili. Akasema ni mweusi. Akakaa.

Kisha akaniuliza kazi yangu ni nini, kwa neno moja. Nikasema ajenti. Akauliza ajenti wa nini. Nikasema hilo nitaonyesha, si kusema, na nikatoa pua kwenye kiondo. Nilimwona Kavata akitikisa kichwa. Nilidhani ni wasiwasi wa mapenzi.

Mzee akasema nionyeshe. Aliagiza twiga mmoja mweusi aletwe, mmoja wa wale arubaini. Nikasubiri dakika mbili za salamu huku nikiwaeleza wazee kwamba wamebahatika, kwamba sasa mpingo wao umepata shahidi asiyekula hongo. Nikasogeza pua. Ikalia. Nikawaambia, mpingo halisi huo.

Mzee Ndambuki akachukua kisu. Akakwangua shingo ya twiga, mara moja. Chini ya weusi kulikuwa na mbao nyeupe kama mkate.

Akasema ni jakaranda. Akasema miaka kumi na minne wamekuwa wakipaka jakaranda kiwi. Bedan alijua tangu siku ya kwanza, Bedan mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaletea makopo kwa dazeni. Alichokosa ni kisingizio cha kuvunja bei, na mkwe mtarajiwa amempelekea kisingizio kinacholia. Alisema bila kupaza sauti. Wanaume saba, akasema, na watoto wao ishirini na sita.

Kiwi. Neno la mwisho kwenye orodha. Limeandikwa humuhumu kwa mkono wangu, tarehe saba, na sikugeuza ukurasa hata mara moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikarudi nyuma hatua moja, pua mkononi bado inawaka, nikamkaribia beberu.

Ikalia.

Wazee wote wakamtazama beberu. Beberu akanitazama mimi. Nikaihamishia pua upande wa kushoto, mbali naye, karibu na paja langu. Ikalia zaidi. Mzee mmoja, Mativo, mkubwa kuliko wote, akainuka na leso yake. Akamfuta beberu paji la uso. Nyota ikatokea, nyeupe, inang'aa. Kisha akainama akanitazama suruali kwa karibu, akagusa tundu moja kwa kidole, akainua kidole cheusi ili wote waone.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mama yake Kavata. Mzee Mativo alikaa chini kwenye vumbi, machozi yanamtoka. Akawauliza wenzake ni nani hapa atakayemshtaki mwenzake, maana kopo ni lilelile. Hata Mzee Ndambuki mdomo ulimcheza, akauziba na mkono.

Lakini hakusahau. Alimwita Kavata, kama desturi ilivyo, amwulize mbele ya watu kama mbuzi hawa wafungwe hapa au warudi walikotoka. Kavata alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Akasema wafungwe, lakini beberu aoshwe kwanza.

Basi Mzee akatoa hukumu. Mbuzi watafungwa ila hawatachinjwa. Nina siku moja. Twiga wakirudi kwenye rafu ya Bedan kwa bei yao, beberu atachinjwa. Wasiporudi, wataondoka wanne, yaani mbuzi watatu na mimi.

Jumatatu, 27 Julai

Nimeshinda kwa ufasaha.

Nilikwenda kwa Bedan kumwomba anirudishie pua kumi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya huruma, watoto ishirini na sita na kadhalika. Dukani kulikuwa na watalii Wazungu wanane, wamevaa kofia, kila mmoja ameshika tembo. Bedan akaninong'oneza nirudi kesho. Nikasema siwezi. Nikainua pua mojawapo kutoka kaunta ili nihakikishe haijaharibika, nikaiunganisha na betri. Ikatoa salamu yake.

Mama mmoja wa Kizungu akauliza hiyo ni nini. Nikaona si adabu kutojibu. Kwa Kiingereza nilichonacho nikamwambia hii ni mashine ya kujua kama mti ni mti. Nikaanza kuisogeza kwenye tembo wake ili aelewe. Sijawahi kumwona Bedan akiruka. Aliruka kaunta. Alinikumbatia, akanitoa hadi stoo ya nyuma, na kabla sijafika kwenye watoto ishirini na sita alikuwa ameshakubali kila kitu. Twiga warudi, bei ya zamani, nichukue pua zangu zote leo, sasa hivi, kwa mlango wa nyuma.

Hotuba yenyewe sikuimaliza. Nadhani aliguswa na mwanzo wake.

Jioni Mzee Ndambuki amemchinja beberu. Patrobas alikuja kula. Nimejua leo kwamba ana mke na watoto wawili kwao Kakamega, na amekuwa akitaka kuniambia tangu Mei ila simpi nafasi. Nimemrudishia kopo lake. Lilikuwa tupu. Alisema hakuna neno.

Jumamosi, 15 Agosti

Nina kazi ya neno moja. Mpakaji.

Ndiyo adhabu yangu na ndiyo ajira yangu. Kila siku Gikomba, twiga, kitambaa, kopo. Mzee Mativo anasema nina mkono wa kuzaliwa nao. Kavata yuko kwangu sasa, kwa baraka za mbuzi watatu. Pua zote zimerudi nyuma ya magunia ya Barre isipokuwa moja, ambayo Kavata aliitaka. Ameitundika juu ya mlango wetu, betri chini ya kitanda. Nikirudi jioni na mikono yangu, inalia kabla sijavua viatu. Anasema hajaona mashine isiyokosea kama hii.

Nimejifunza. Naandika wazi ili nisisahau. Kabla ya kuuza kitu, jua kwanza kinafanya nini.

Ndiyo maana sikuharakisha leo nilipompitia Barre. Ameagiza geji za presha, za matairi, kwa ajili ya magereji. Wamemletea presha kweli, dazeni tatu, lakini kila moja ina mfuko wa kitambaa na mpira wa kubana kwa mkono. Barre alitaka kuzitupa. Nikazichunguza kwa makini nikamwambia asithubutu. Presha ni presha. Kitambaa bila shaka ni cha kuzungushia gurudumu. Magereji ya Eastlands hayana kitu cha namna hii, nina hakika, hayana hata moja. Patrobas ameshakubali nianzie kwenye lori lake.

Nimeleta katoni moja nyumbani, chini ya koti. Niliosha mikono kwa sabuni mara tatu kabla ya kufika mlangoni, ili mashine isilie. Ikalia vilevile. Kavata akatoka jikoni, akaangalia mashine, akaangalia koti, akauliza ni nini tena.

Nimemwambia ni kiwi tu.